Ni Maji, Si Upepo: Jinsi Graniti ya Jangwani Inavyopata Maumbo Yake

Watu wengi wanaoona mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana jangwani hudhani kwamba yamechongwa na upepo. Mimi ninayechunguza miamba hiyo ninasema sehemu ya upepo ni ndogo, kwa kuwa mchanga ni mzito na kwa kawaida haurushwi zaidi ya mita moja au mbili kutoka ardhini. Yaliyo juu ya hapo yanahitaji maelezo mengine.

Kazi kubwa hufanywa na maji, tena chini ya ardhi, kabla mwamba haujaonekana. Graniti hutokana na mwamba ulioyeyuka ukapoa taratibu, kilomita kadhaa chini, na baadaye ukapasuka kwa nyufa zinazokatana na kuugawa katika vipande kama matofali. Maji ya mvua yakipenya humo, kati ya madini yanayounda graniti, feldispa hugeuka polepole kuwa udongo wa mfinyanzi na ulanga mweusi hufura, ilhali kwazi haibadiliki, hivyo chembe huachana na kuwa changarawe. Pembe ya kipande hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana pembe huoza kwanza na kiini hubaki mviringo. Mmomonyoko ukiondoa changarawe hiyo, mawe hujitokeza.

Je, si joto la mchana na baridi ya usiku yanayopasua mwamba, kama wengi wanavyodhani? Mwaka 1936 mwanajiolojia David Griggs alichapisha matokeo ya jaribio ambalo naliheshimu sana: alipasha na kupoza graniti kavu mara 89,400, sawa na siku za miaka 244, asione badiliko lolote; lakini alipoipoza kwa maji, dalili za kuchakaa zilionekana mapema. Sidai kwamba joto halipasui mwamba, bali kwamba hufanikiwa zaidi penye unyevu.

Huko Spitzkoppe, Namibia, graniti yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100 imesimama takriban mita 700 juu ya uwanda. Mzigo wa miamba iliyoifunika ulipoondoka, ilitanuka na kupasuka sambamba na uso wake, ikibanduka mabamba kama maganda ya kitunguu. Penginepo jangwani, chumvi inayoganda ndani ya vitundu vya mwamba husukuma chembe nje na kuchimba mashimo yaitwayo tafoni, ambayo hukua kwa kuingia ndani, kwani kivulini unyevu hukawia kukauka.