Sauti Kubwa Haishindi: Dhana Potofu Zinazoziponza Bendi Zetu za Gwaride

Kila sikukuu ya Madaraka inapokaribia, walimu wakuu na kamati za makanisa kuanzia Kisumu hadi Bungoma huniletea ombi lile lile: "Mwalimu, tunataka bendi yetu isikike." Kutaka kusikika si kosa. Shida ni kwamba anayeomba huwa ameshaamua namna ya kusikika. Anataka kununua ngoma kubwa ya pili, kuongeza wapiga tarumbeta, kisha kuwaambia watoto wapulize kwa nguvu zao zote. Imani hii imeharibu bendi nyingi kuliko ukosefu wa fedha, na kwa hiyo nitaanza nayo, wala sitaiacha upesi.

Tuangalie kwanza suala la wingi. Wapiga koneti (ala inayofanana na tarumbeta, ila fupi zaidi) wawili wakipiga noti moja kwa nguvu sawa, sauti yao huzidi ya mmoja kwa desibeli 3 hivi. Ili sikio la kawaida lione kwamba sauti imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, maana yake ni kwamba mahali alipokuwa mpigaji mmoja pasimame kumi. Shule yenye tarumbeta sita ikiongeza mbili, inapata desibeli 1 na kitu, tofauti ambayo mgeni wa heshima aliyeketi jukwaani ataitambua kwa taabu. Fedha hizo hizo zingenunua yufoniamu moja, ala kubwa ya shaba yenye sauti ya chini kuliko tarumbeta, hata iliyokwisha kutumika, na bendi ingepata sauti ya katikati ambayo haikuwa nayo kabisa. Bendi nyingi za shule katika eneo letu zina tarumbeta juu, ngoma chini, na katikati hamna kitu. Halafu watu hushangaa kwa nini muziki wao unasikika mwembamba.

Suala la pili ni nguvu. Watu wengi huamini kwamba tarumbeta hupigwa kwa mapafu na mashavu. Ukweli ni kwamba sauti huzaliwa kwenye midomo inayotetemeka ndani ya mausipisi, yaani kipande cha kupulizia, na kazi ya pumzi ni kuitegemeza mitetemo hiyo kwa mkondo usiokatika. Mtoto anayevimbisha mashavu hulegeza pembe za midomo, na noti yake hupanuka na kuyumba. Akizidisha nguvu, wimbi la hewa ndani ya bomba hubadilika umbo, linakuwa kali upande wa mbele, na sauti za juu zilizojificha ndani ya noti hujitokeza kwa wingi. Hapo ndipo unaposikia ule mlio wa bati unaopasuka. Tarumbeta na tromboni huufikia mlio huo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya bomba lake ina upana ule ule. Koneti na yufoniamu, ambazo bomba lake hupanuka polepole, huvumilia zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya bendi za shaba za Uingereza, zilizojengwa juu ya koneti, horni, yufoniamu na besi, kuwa na sauti ya mviringo ambayo bendi ya tarumbeta tupu haiwezi kuiiga.

Mtazame mtoto aliyeamriwa kupuliza kwa nguvu mara tu mazoezi yanapomalizika. Juu ya mdomo wake utaona duara jekundu lililochimbika, kwa kuwa pumzi ilipoisha alianza kuikandamiza mausipisi kwenye meno ili azipate noti za juu. Damu haipiti vizuri mahali palipokandamizwa, msuli huchoka, na kufikia wimbo wa tatu hana tena noti ya juu ya kukupa. Siku ya sherehe bendi ya namna hiyo huingia uwanjani kwa kishindo na kutoka ikikohoa noti.

Suala la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hutokea kwa jina la kurekebisha makosa. Bendi ikianza kuachana hatua, husikika amri: "Pigeni ngoma kwa nguvu, watoto waifuate!" Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mwache mpiga ngoma kwenye goli moja la uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100, umpeleke mwanafunzi kwenye goli la pili, na umwambie akanyage chini kila asikiapo ngoma. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua huchukua nusu sekunde. Mwanafunzi huyo huisikia ngoma ikiwa imechelewa kwa karibu sekunde 0.3, yaani mguu umeshavuka nusu ya safari yake kuelekea hatua inayofuata. Akipuliza kwa kuifuata ngoma hiyo, sauti yake itamrudia mpiga ngoma ikiwa imechelewa kwa zaidi ya hatua nzima. Zoezi hili halina gharama, na walimu wanaotilia shaka maneno yangu huwa ninawafanyia papo hapo. Kuongeza ukubwa wa ngoma hakuongezi kasi ya sauti. Kunawafanya waliochelewa wachelewe kwa kujiamini.

Tiba yake ni macho na mpangilio. Wapigaji waliotawanyika uwanjani wafuate mkono wa dramu meja, yaani anayeiongoza bendi akiwa mbele yake, au wa kiongozi mwingine, kwa kuwa mwanga haucheleweshwi na uwanja. Ngoma ziwekwe nyuma, katikati, zikielekea jukwaa, ili walio mbele yake waipokee sauti kutoka mgongoni na kupiga pamoja nayo, na zote zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja. Walio pembeni au nyuma ya ngoma wasiifuate kwa masikio hata kidogo. Barabarani, ambako bendi hutembea kwa safu zilizobanana, tatizo hupungua, nami huziweka ngoma katikati ya msafara na tromboni mbele kabisa, ili mkono unaotelezesha bomba usimchome mtu mgongoni.

Ajabu ni kwamba dhana hii ya kelele inastawi Kakamega, ambako isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma za ukubwa mbalimbali, na kila moja ina nafasi yake na hakuna inayoifunika nyingine. Vijana wanaoijua kanuni hiyo kijijini huvuliwa ujuzi wao mara tu wanapovishwa sare ya bendi. Jeshi la Wokovu nalo, lililoanza kazi nchini Kenya mwaka 1921 na kuwafundisha watu wengi wa Vihiga na Bungoma kusoma noti, huzilea bendi zake kwa tenzi, muziki unaodai sauti laini zilizochanganyika. Desturi ya bendi zake si ya kushindania vikombe. Kwa maoni yangu, mpigaji aliyelelewa kwa tenzi huwa tayari kwa mashindano kuliko aliyelelewa kwa ving'ora vya gwaride.

Wanaoniambia kwamba majaji hupenda kelele, au kwamba hupenda sare, wajue namna wenye desturi ndefu ya mashindano ya bendi wanavyohukumu. Mashindano ya bendi za shaba ya Belle Vue, jijini Manchester, Uingereza, yalianza mwaka 1853, na hadi leo katika mashindano makubwa ya bendi za shaba za Uingereza majaji hukaa ndani ya kibanda kilichofungwa ili wasiione bendi inayopiga. Katika vijiji vya Saddleworth, huko huko Uingereza, kwenye mashindano ya barabarani ya Ijumaa inayofuata Pentekoste, jaji hujificha ndani ya karavani au chumba chenye mapazia na kusikiliza tu. Hapo kofia yenye manyoya haisaidii chochote. Nchini Marekani, Drum Corps International, shirika la mashindano ya bendi za gwaride lililoanzishwa mwaka 1971, hutoa alama 100: 40 kwa athari ya jumla ya onyesho, 30 kwa mambo ya kuonekana na 30 kwa muziki. Hakuna fungu lililotengewa ukubwa wa sauti, na alama za kuonekana hutolewa kwa usahihi wa mistari na miili. Sare ikishonwa vizuri hupendeza, lakini mshonaji haingii uwanjani.

Sasa mengine, kwa ufupi.

Wapo wanaoamini kwamba mtindo wa Uingereza ni wa kukakamaa na wa Marekani ni wa kucheza, na kwamba bendi hodari huchanganya yote mawili. Mwendo wa kijeshi tuliourithi kupitia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, una hatua ya inchi 30, karibu sentimita 76, na kisigino hukanyaga kwa uthabiti. Marekani yenyewe ina zaidi ya mtindo mmoja. Upo wa kuteleza, wenye hatua nane kwa kila yadi tano, yaani sentimita 57 hivi, ambapo mguu hubingirika kutoka kisigino hadi vidole ili kifua kisitikisike; na upo wa kuinua magoti juu, uliokuzwa na vyuo vya Wamarekani Weusi kama Florida A&M, ambako William P. Foster aliichukua bendi mwaka 1946. Kila mwendo una pumzi yake na nyimbo zake. Kuwainulisha watoto magoti huku wakipiga utenzi wa polepole ni kuyaponda meno yao kwa mausipisi. Chagueni mmoja. Kwa watoto wa shule ya msingi mimi huchagua hatua fupi, wala sitaki mjadala juu ya hilo.

Dai kwamba gwaride la bendi ni jambo la wazungu lisilotuhusu halina mashiko. Beni, ngoma ya watu wa pwani iliyoiga bendi za kijeshi, lilichezwa Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, likiwa na vyeo, sare, na vikundi hasimu kama Marini na Arinoti, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi walilisambaza hadi bara. Pale Vihiga, waumini wa African Israel Nineveh Church, iliyoasisiwa na Paul David Zakayo Kivuli mwaka 1942, hutembea barabarani kwa ngoma na bendera, na mpangilio wa safu zao ni mzuri kuliko wa bendi kadhaa ninazolipwa kuzinoa.

Wazazi huogopa kwamba kupuliza huleta kifua kikuu. Kifua kikuu huletwa na bakteria wanaoenezwa hewani na mgonjwa, hasa anapokohoa. Bomba la shaba halikizalishi. Kilichopo ni uchafu: ukungu na bakteria katika ala isiyooshwa wamewahi kuhusishwa na ugonjwa wa mapafu kwa wapigaji, na mausipisi ya kuazimana hupitisha malengelenge ya midomo. Kila mtoto awe na mausipisi yake, aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Shule isiyoweza kununua mausipisi ishirini isiandikishe watoto ishirini.

La mwisho ni imani kwamba ala ikishatuniwa, yaani kusawazishwa sauti yake, asubuhi imetuniwa kwa siku nzima. Sauti ya ala za kupuliza hupanda kwa takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto; senti 100 hufanya semitoni moja, nafasi ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Bendi iliyojituni Nakuru alfajiri, baridi ikiwa kali, kisha ikapiga saa saba mchana joto likiwa limepanda kwa nyuzi 12, huwa imepanda karibu theluthi moja ya semitoni, huku vyuma vya glokenspieli, ala ya kugongwa, vikishuka kidogo kwa joto hilo hilo. Ala ndogo hupata joto mapema kuliko besi, hivyo hata ndani ya bendi moja watu hawapandi pamoja. Pigeni noti ndefu mkiwa mmesimama pale pale juani mtakapopigia, kisha mtuni upya dakika chache kabla ya kuitwa, mkianzia na besi.