Je, wajua kwa nini ubao wa kuzibia dirisha lililovunjika hukazwa kutoka ndani?

Mtu akipita asubuhi mbele ya nyumba iliyovunjwa dirisha usiku, iwe Majengo, Kongowea au Likoni hapa Mombasa, mara nyingi atakuta kipande cha plaiwudi kimepigiliwa misumari kwenye fremu kutoka upande wa barabarani, pengine na bati kuukuu juu yake. Kwa macho, dirisha limefungwa. Mwenye nyumba ametoa pesa, fundi amefanya kazi gizani au mvuani, na kila mmoja amerudi kulala akiamini kwamba mali iliyomo ndani imesalimika. Hata hivyo, mafundi waliozoea kazi hii ya dharura hawaridhiki na misumari ya nje. Wao huukaza ubao kutoka ndani, kwa bolti na mbao nene zilizolazwa kukingama dirisha, na sababu yao imo katika namna msumari unavyoshika.

Msumari hauna kinachoushikilia ndani ya mbao isipokuwa msuguano. Unapogongwa, nyuzi za mti husukumwa kando na kuubana pande zote, na kwa hiyo ubao ukitaka kuteleza kwenda chini au ubavuni, msumari huhimili mzigo mkubwa. Ukivutwa kwa njia ile ile uliyoingilia, hubaki msuguano peke yake, na uwezo wake hupungua sana. Na mtaimbo wa mwizi hufanya kazi hiyo hasa ya kuvuta: mtaimbo wenye mkono wa sentimita 60, ukiegemezwa sentimita 3 tu kutoka kwenye ncha yake, huzidisha nguvu mara 20, kiasi kwamba msukumo wa kilo 20, ambao hata kijana wa shule anauweza, huwa mvuto wa kilo 400 kwenye ukingo wa ubao. Msumari wa kwanza ukishalegea, wa pili huwa rahisi zaidi. Skrubu hushika vizuri kuliko msumari kwa sababu nyuzi zake huuma mbao, lakini kichwa chake kikiwa nje, mwenye bisibisi huifungua bila hata kupiga kelele.

Njia ya ndani haitegemei msuguano. Ubao hukaa nje, ukiegemea fremu au ukuta. Ndani hulazwa mbao mbili za inchi mbili kwa nne, moja karibu na robo ya juu ya dirisha na nyingine karibu na robo ya chini, kila moja ikizidi upana wa dirisha kwa takriban futi moja kila upande, ili ncha zake ziegemee ukuta wenyewe. Nitaziita mapingo, kwa sababu ndivyo zilivyo. Bolti huingizwa kutoka nje, hupenya ubao, huvuka uwazi wa dirisha, hutokea upande wa pili wa pingo, na nati hukazwa humo ndani juu ya washa pana. Anayetaka kuung'oa ubao huo kutoka nje sasa anashindana na mti mzima ulioegemea ukuta wa nyumba, na ili ashinde ni lazima auvunje mti huo au aupasue ubao wenyewe, kazi ambayo haifanyiki kimyakimya wala kwa haraka.

Bolti inayotumika inastahili kutazamwa kwa karibu. Kichwa chake ni cha mviringo na laini kama kofia ya uyoga. Hakina pembe za kushikwa na spana wala mfereji wa kuingizia bisibisi. Chini ya kichwa, shingo yake ni ya mraba, na nati inapoanza kukazwa, pembe nne za shingo huzama katika plaiwudi na kuizuia bolti isizunguke. Kwa hiyo aliye ndani anaweza kuikaza peke yake, na aliye nje hana pa kushika.

Wakazi wa Mji wa Kale wanaijua mantiki hii tangu zamani, hata kama hawajawahi kuiita kwa jina. Mlango wa nakshi wenye mbao mbili na mfaa katikati ulikuwa na uzuri wake wote upande wa barabara, kwa ajili ya heshima ya nyumba na ya mgeni anayebisha hodi, lakini kilichoufunga usiku kilikuwa ndani: pingo, au kiwi kama wengine wanavyokiita, lililolazwa nyuma ya mbao zote mbili na kushikwa na ukuta. Fundi wa dharura anayelaza mbao ya mbili kwa nne nyuma ya dirisha anarudia kazi ya pingo hilo.

Hapo msomaji makini atauliza: ikiwa kila kitu kinakazwa kutoka ndani, fundi anatokaje? Hutoka kwa mlango mmoja aliouchagua tangu mwanzo, na mlango huo hauzibwi. Kama ubao wake umevunjika, huwekwa mwingine mzima wenye bawaba imara, na komeo la kufuli hufungwa kwa bolti zinazopenya mlango hadi ndani, ili lisiweze kufunguliwa kwa bisibisi. Mlango huo ndio utakaotumiwa na mwenye nyumba, polisi, mtu wa bima na fundi wa vioo katika siku zinazofuata.

Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili nilishuhudia kazi hii huko Kibokoni, katika nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa imeshika moto jikoni. Wazimamoto walikuwa wamevunja madirisha mawili ya juu, jambo ambalo huwaudhi wengi wanaporudi nyumbani, ingawa mara nyingi halikwepeki, kwa kuwa moshi na hewa ya moto visipopata pa kutokea, anayeingia na mpira wa maji huingia kipofu. Fundi seremala alipofika, bolti zake zote zilikuwa fupi. Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na unene wake ulizidi sentimita 40, wakati bolti ndefu aliyokuwa nayo ilikuwa ya sentimita 20. Kijana wake alisema wapigilie misumari kwenye miimo. Mzee aliupapasa mwimo kwa kiganja, akazipitia nakshi kwa kidole, akasema, "Huu si wa kutobolewa, mwanangu. Nenda ukalete vyuma vya nyuzi."

Vyuma alivyoviagiza ni vile vyenye nyuzi za skrubu mwili mzima, vinavyouzwa kwa urefu wa mita moja na kukatwa kwa msumeno wa chuma kulingana na haja. Kasoro yake ni kwamba vinahitaji nati pande zote mbili, na nati ya nje inaweza kufunguliwa na yeyote. Mzee alilimaliza hilo kwa nyundo: baada ya kukaza, aliziponda nyuzi zilizochomoza nje hadi zikalala, na nati ile haikuweza tena kurudi nyuma. Kufikia saa mbili asubuhi madirisha yote mawili yalikuwa yamezibwa, na hapakuwa na tundu hata moja jipya katika miimo wala katika ukuta. Naliona jambo hilo kuwa kubwa. Chokaa ya zamani haishiki msumari, humeguka na kuacha shimo pana, na tundu katika nakshi iliyochongwa kwa mkono halizibiki kwa namna ya kuirudishia nakshi sura yake. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kisheria, na ukarabati wa sura ya nje ya nyumba zake haufanywi bila kushauriana na watu wa Makumbusho ya Taifa.

Mwizi si adui pekee wa dirisha lililo wazi. Upepo nao unasukuma na kuvuta, na nguvu yake haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba kwa uzito unaokaribia kilo 25. Wa kilomita 144 kwa saa hufikia kilo 100. Karatasi moja kamili ya plaiwudi, yenye futi nane kwa nne, ni karibu mita tatu za mraba, kwa hiyo hata ule upepo wa kwanza huisukuma kwa takriban kilo 75. Na huo ni upande unaopigwa tu. Kwenye kuta za ubavuni na za nyuma upepo hunyonya, yaani huvuta ubao kwenda nje, na hapo msumari uliopigiliwa kutoka nje hukabiliwa na mvuto ule ule usioumudu. Pingo halijali mwelekeo, kwa sababu likivutwa huegemea ukuta, na ubao ukisukumwa huegemea fremu.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na vimbunga vya bahari ni nadra katika ukanda huo kwa sababu mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha hapo kuupinda upepo uwe duara. Nadra haina maana ya kamwe. Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia nchini Tanzania tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeanza kupungua nguvu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imewatahadharisha watu wa pwani kuhusu upepo na mawimbi makubwa. Hata bila kimbunga, kusi ya kila mwaka inatosha kuitia hasara nyumba yenye dirisha lililovunjika. Upepo ukiingia ndani na kukosa pa kutokea, hewa hujaa na kulisukuma paa kutoka chini, wakati huo huo upepo wa juu ukilinyonya. Mabati yaliyokuwa salama dirisha likiwa zima huanza kung'oka. Ndiyo maana nashauri dirisha la upande wa baharini lizibwe kwanza, hata kama dirisha linaloelekea barabarani ndilo linalomtia mwenye nyumba wasiwasi zaidi.

Wako wanaoamini kwamba kubandika mkanda wa gundi kwa umbo la msalaba kwenye kioo huzuia kisivunjike. Mkanda hauongezi nguvu ya kioo. Kioo kikivunjika, hushikanisha vipande vikawa vikubwa zaidi, na kipande kikubwa kikiruka ni hatari kuliko kidogo.

Kuhusu vioo vyenyewe, cha muhimu ni kuvitoa kabla ya kuziba, kwa kuanzia juu kwenda chini, ili kipande kilichobaki juu kisimwangukie mtu mkononi. Kioo cha kawaida huvunjika kwa vipande virefu vyenye makali kama kisu. Kioo kilichopashwa joto kali na kupozwa ghafla, kama cha milango mingi ya maduka, husambaratika kuwa punje ndogo. Madirisha ya luva, ambayo bado ni mengi mjini, yana nafuu yake, kwani ubapa mmoja ukivunjika unaweza kubadilishwa peke yake bila kuziba dirisha zima.

Kabla ya fundi kugusa chochote, nyumba ipigwe picha, nje na ndani. Ikiwa ni wizi, polisi waione kwanza na tukio liandikwe kituoni, na mwenye nyumba apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mikataba ya bima humtaka aliyekatiwa bima achukue hatua za busara kuzuia hasara isiongezeke, kwa hiyo risiti za mbao, bolti na fundi zihifadhiwe pamoja na picha hizo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni uhai wa watu. Nyumba ikiwa bado ina wakazi, kila chumba kinacholalwa kibakiwe na njia ya kutokea. Madirisha mengi ya Mombasa tayari yana grili zisizofunguka, na ukiongeza ubao uliokazwa kwa nati, chumba hugeuka kuwa sanduku. Niliwahi kuona chumba cha watoto kilichozibwa hivyo kwa nia njema kabisa, na mlango wake pekee ulipitia jikoni. Kama chumba kimepoteza njia hiyo, wenyewe wahamie chumba kingine hadi dirisha litengenezwe. Pale ambapo hakuna chumba kingine, ubao ufungwe kwa bawaba upande mmoja na komeo la ndani upande wa pili, ili hata mtoto aweze kuufungua kwa mkono.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu hudai uangalifu wake. Plaiwudi ni imara kwa sababu matabaka yake yamegundishwa nyuzi zikikatana, lakini gundi ya plaiwudi ya kawaida hulainika kwa mvua ya masika, na matabaka huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ile ya kustahimili maji ni ghali zaidi, ila hudumu. Ikikosekana, kingo zipakwe rangi ya mafuta, kwa kuwa ukingoni ndiko maji yanakoingilia. Ukingo wa juu uzibwe kwa silikoni, wa chini uachwe ili maji yaliyopenya yapate pa kutokea, na matundu machache yatobolewe na kuwekewa wavu, kwani chumba kisichopumua huota ukungu. Chuma kisichopakwa zinki nacho kitashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua plasta iliyokizunguka.

Ubao pia hutangaza kwamba nyumba haina mtu. Kwa sababu hiyo jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2017, lilikataza plaiwudi kuzibia nyumba zilizotelekezwa ambazo zinanadiwa kwa sababu ya deni, na badala yake hutumika karatasi angavu za polikaboneti, zinazofanana na kioo kwa mbali. Kwetu, rangi inayolingana na ukuta husaidia kwa kiasi fulani, na taa inayowaka usiku ndani husaidia zaidi.

Siku fundi wa vioo atakapokuja, mapingo yafunguliwe kutoka ndani, la juu likiwa la mwisho ili ubao usimwangukie aliye nje. Nyuma ya kila ubao yaandikwe kwa penseli ya seremala jina la dirisha lake na upande wake wa juu, bolti zake zitiwe katika mfuko wa kitambaa na kufungwa kwenye pingo lake, kisha vyote visimamishwe darini mahali pakavu. Masika yakirudi, dirisha la upande wa baharini litazibwa kwa dakika chache.