Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta za Zamani Zilisoma Herufi Nane tu za Nywila Yako?

Tuseme mwaka ni 1985. Unatumia kompyuta ya chuo kikuu yenye mfumo endeshi wa Unix, na nywila uliyojiwekea ni Zanzibar#1964. Umejitahidi: kuna herufi kubwa, kuna alama, kuna tarakimu. Anakuja mtu mwingine, anaandika jina lako, kisha Zanzibar peke yake, bila alama wala mwaka. Anaingia. Hata angeandika ZanzibarKaribuSana angeingia vilevile. Mfumo ulichukua herufi nane za mwanzo, zilizobaki ukazitupa, wala haukukuambia.

Ni rahisi kudhani kwamba mafundi wa enzi hizo walikuwa wakibana nafasi kwa kuwa diski zilikuwa ghali. Sivyo. Ukomo huo ulitoka kwenye hesabu yenyewe ya usimbaji, yaani ya kugeuza maandishi yasisomeke.

Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell Labs nchini Marekani, waliieleza njia yao ya kulinda nywila za Unix mwaka 1979. Hawakutaka nywila ihifadhiwe popote, hata kwa kufichwa, maana kilichofichwa kwa ufunguo hufichuliwa na mwenye ufunguo. Wakaifanya nywila yenyewe iwe ufunguo. Kanuni ya usimbaji waliyoichagua ni DES, iliyokuwa imefanywa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 1977. DES hutaka ufunguo wa biti 56 (biti ni 0 au 1), bila kuzidi wala kupungua. Katika ASCII, mpangilio wa kuwakilisha herufi kwa namba, herufi moja ni biti 7. Saba mara nane ni 56, na hapo ufunguo umejaa. Herufi ya tisa haikuwa na pa kukaa.

Kwa ufunguo huo mfumo ulisimba fungu la biti 64 ambazo zote ni sifuri, ukayasimba tena matokeo, hivyo hivyo mara 25, makusudi ili mtu anayekisia nywila acheleweshwe. Kilichoandikwa kwenye faili ni herufi 13: mbili za chumvi na 11 za matokeo. Chumvi ni biti 12 za kubahatisha, yaani aina 4096, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa kwenye faili. Na walifanya jambo la akili sana: chumvi hiyo iliubadilisha kidogo mpangilio wa ndani wa DES, kwa hiyo hata aliyenunua chipu za DES zilizokuwa sokoni hakuweza kuzitumia kukisia. Ukiingia, kompyuta ilirudia hesabu yote na kulinganisha matokeo.

Kazi nzuri hiyo ilidhoofishwa na watumiaji. Morris na Thompson walikusanya nywila 3,289 zilizokuwa zikitumika, na 2,831 kati yake, asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zinapatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Wakubwa nao hawakuwa mbali. Faili ya zamani ya nywila za mfumo wa BSD, tawi la Unix, ilipochunguzwa miaka mingi baadaye, ya Dennis Ritchie, aliyebuni lugha ya C, ilikutwa ni dmac, na ya Stephen Bourne, mwenzao wa Bell Labs, ni bourne. Ya Thompson ndiyo iliyogoma hadi Oktoba 2019, kadi ya michoro ya kompyuta ya kisasa ilipoipata baada ya siku zaidi ya nne: p/q2-q4! Ni hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji, iliyojaza nafasi zote nane barabara.

Kwenye Windows mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa kwa karatasi yalionekana mazuri. Mfumo wa LAN Manager uliruhusu herufi 14. Lakini kwanza ulizigeuza zote kuwa herufi kubwa, ukazikata vipande viwili vya herufi saba saba, na kila kipande kikawa ufunguo wa DES wa kusimba maneno yale yale, KGS!@#$%, bila chumvi. Piga hesabu kwa alfabeti ya herufi 26. Nywila ya herufi saba ina uwezekano wa takribani bilioni 8. Ya herufi 14 ingepaswa kuwa na bilioni 8 mara bilioni 8. Kwa kuwa vipande vilivunjwa kila kimoja kivyake, mvunjaji alibakiwa na bilioni 8 jumlisha bilioni 8. Na nywila isiyozidi herufi saba ilijitangaza yenyewe, kwani nusu ya pili ya matokeo yake kila mara ilikuwa AAD3B435B51404EE. Microsoft iliacha kuihifadhi heshi hiyo (yaani matokeo hayo yanayowekwa badala ya nywila) kwa chaguo-msingi kuanzia Windows Vista.

Mifumo ya leo hutumia kanuni za heshi zinazomeza maandishi ya urefu wowote na kutoa matokeo ya urefu uleule. Isipokuwa moja maarufu: bcrypt, iliyotolewa mwaka 1999 na Niels Provos na David Mazières kwa ajili ya mfumo endeshi wa OpenBSD. Hii ina ukomo wa baiti 72 (baiti moja ni biti nane). Tuangalie vizuri hapo: baiti, si herufi. Kiswahili cha herufi za Kilatini hutumia baiti moja kwa kila herufi, kwa hiyo unapata zote 72. Anayeandika nywila kwa herufi za Kiarabu hutumia baiti mbili kwa kila moja, na anapata 36 tu. Mwaka 2024 kampuni ya Okta, inayosimamia uingiaji wa watumiaji kwenye mifumo, ilitangaza hitilafu iliyotokana na ukomo huu: kitambulisho cha mtumiaji na jina lake vilitangulizwa kabla ya nywila, na jina lilipofika herufi 52 au zaidi, nywila ilibaki nje ya zile 72, hivyo katika mazingira fulani mtu angeweza kuingia bila kuijua.

Je, ukomo wa juu hauna kazi tena? Unayo, ila uwe mkubwa. Mwaka 2013 watengenezaji wa Django, programu ya kujengea tovuti, waligundua kwamba nywila ya megabaiti moja iliweza kuishughulisha seva yao kama dakika nzima. Tovuti inayokukatalia zaidi ya herufi 12 haina kisingizio hicho. Mbaya kuliko hiyo ni ile inayokubali herufi 30 na kusoma chache tu kimyakimya, na hiyo unaweza kuibaini mwenyewe: toka kwenye akaunti yako, kisha jaribu kuingia ukiwa umeacha herufi moja ya mwisho. Ukifunguliwa, iandikie tovuti hiyo, na nywila hiyo usiitumie mahali pengine popote.