Wafuasi wa LinkedIn wanapatikana kwenye komenti

Kazi yangu ni kuwasaidia wahasibu, wanasheria na wahandisi waonekane LinkedIn. Mteja mpya hukosi kumsikia akiuliza aposti mara ngapi kwa wiki. Mimi humuuliza kwanza ameandika nini, wiki hiyohiyo, chini ya posti za wengine. Wengi hawajaandika chochote zaidi ya "hongera sana".

Ukiwa na watu mia tatu ulioungana nao, posti yako inaanzia kwa wachache kati ya hao, na wachache hao ni nani? Mliosoma pamoja Mzumbe, wafanyakazi wenzako wa zamani, binamu. Watu wema, ila hawatafuti mhasibu. Ukikomenti chini ya posti ya mtu anayefuatwa na maelfu kwenye fani yako, wanaokusoma wamefika pale kwa sababu jambo linawahusu. Na komenti hiyo LinkedIn inaweza kuwaonyesha hata watu wa kwako.

Sasa angalia kinachotokea juu ya komenti: picha, jina, na mwanzo wa ule mstari wa utambulisho unaokaa chini ya jina lako. Mstari wenyewe unabeba herufi 220, lakini pale yanaonekana maneno machache ya mwanzo tu. Ukianza na "Mhasibu Mwandamizi" umefanana na kila mhasibu mwandamizi nchini. Ukianza na "Nafunga hesabu za maduka na viwanda vidogo", mwenye kiwanda cha maji ya chupa anajua anayesema ni wa kwake.

Mfano ninaoutumia sana ni bajeti. Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anasoma bajeti Dodoma, na mabadiliko mengi ya kodi huanza Julai 1. Jioni ileile LinkedIn inajaa muhtasari wa kampuni kubwa za ukaguzi, umepangwa vizuri, una michoro. Mhasibu mwenye ofisi ya watu watatu Mwanza asijaribu kushindana nao. Aende chini ya muhtasari huo aandike kisichokuwemo. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kwenye muhtasari hiyo ni sentensi moja. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeuza milioni 130, ni swali la kumkosesha usingizi: ajitoe, au abaki? Akijitoa, wateja wake ambao ni kampuni hawatapata risiti ya kurejeshea VAT ya manunuzi, na wanaweza kuhamia duka la jirani. Komenti ya mistari sita inayolieleza hilo itasomwa kuliko posti yako nzima ya "Mambo matano usiyoyajua kuhusu VAT".

Kisha watu wanabonyeza jina lako. Hapo ndipo posti zako zinapoanza kuwa na kazi: mgeni akute mbili tatu za jambo lilelile, si salamu za Ijumaa na picha za semina. Posti za kutangaza cheo kipya zinapata laiki nyingi kweli, na sizikatazi, lakini waliolaiki wamekuja kukupongeza. Kesho ukiandika kuhusu kodi ya zuio hawapo.

Ndiyo maana sivipendi vile vikundi vya WhatsApp vya "nisapoti nikusapoti". LinkedIn yenyewe inakataza kuchangamsha posti kwa namna hiyo, lakini hata wasingekataza, fikiria: mfumo unajifunza nani anavutiwa na maandishi yako, na wewe unaufundisha kwamba ni muuza vipodozi, kocha wa mahusiano na wakala wa viwanja. Tena tangu 2020 wahandisi wa LinkedIn walieleza hadharani kwamba mfumo unaangalia pia muda mtu anaotumia kwenye posti. Anayelaiki akapita ndani ya sekunde moja hajakusaidia sana.

Lugha nayo ni mjadala. Msimamo wangu: andika kwa lugha ambayo mteja wako anaitumia kuuliza bei. Unatafuta wakurugenzi wa fedha wa mashirika ya kimataifa? Kiingereza. Unatafuta wenye biashara Kariakoo? Kiswahili, tena cha kawaida, chenye "mashine ya EFD" (ile ya kutolea risiti) na "makadirio" (ya kodi), maana ndivyo wanavyosema. Usiweke lugha zote mbili kwenye posti moja. Posti inakatwa baada ya mistari michache, msomaji lazima abonyeze kuona iliyobaki, na hakuna atakayebonyeza ili akutane na tafsiri.

Kuhusu PDF za kurasa kumi ambazo watu huziposti: zinafanya vizuri, ila kumbuka msomaji wako yuko kwenye daladala na anatumia bando lake mwenyewe. Maandishi makubwa, kurasa chache.

Kuna wanaobadilisha kitufe cha wasifu kiwe cha kufuata badala ya kuungana, kwa kuwa kuungana kuna kikomo cha watu 30,000 na kufuatwa hakuna. Kwa mtu mwenye mia tatu huo ni wasiwasi wa mapema mno. Acha kitufe cha kuungana, na ukishajibizana na mtu kwenye komenti mtumie ombi siku hiyohiyo, ukitaja mlichokuwa mnajadili. Mara mojamoja ingia kwenye mipangilio uombe nakala ya data zako, utapata faili la watu ulioungana nao pamoja na kampuni na vyeo vyao. Panga kwa cheo, hesabu wangapi wanaweza kuidhinisha malipo ya huduma yako. Mimi ripoti ya mwezi ya mteja huianza na namba hiyo, na ya wafuasi naiweka ukurasa wa pili.