Kichwa kimelala upande, maziwa ya nini?

"Daktari, mbwa amelishwa sumu, tumeshamnywesha maziwa." Nikiuliza dalili: kichwa kimelala upande, anayumba, anaangukia kulekule, ametapika. Na jirani ameshashukiwa.

Mara nyingi hiyo si sumu. Sumu za kuulia wadudu, ambazo mbwa hutegewa sana, humtetemesha mwili mzima. Mate yanamtoka, anaharisha, mboni zinasinyaa. Hazichagui kulia wala kushoto. Kichwa kikilala upande mmoja, kilichoguswa ni kiungo cha mizani ya mwili, ndani kabisa ya sikio, au mara chache ubongo. Mtazame macho: mara nyingi yanachezacheza yenyewe. Anatapika kwa kizunguzungu tu, kama abiria wa boti ya Zanzibar siku ya upepo.

Maziwa hayaondoi sumu. Mbwa mwenye kizunguzungu ukimmiminia mdomoni yanaweza kuingia mapafuni, na sasa una sikio bovu pamoja na nimonia. Mafuta ya kula ndiyo mabaya zaidi. Acheni, jamani!

Nusa masikio. Harufu kali, uchafu mweusi, kujikuna wiki nzima: maambukizi yalianza nje, yakapuuzwa, yakazama. Wateja wangu nawaambia wanuse kila siku ya kuogesha, wananicheka. Matone ya dukani nayo yasubiri ngoma ya sikio ikaguliwe, kwani ikiwa imetoboka, gentamisini, dawa ya bakteria iliyomo kwenye baadhi ya matone hayo, inaweza kumwacha kiziwi.

"Ni kiharusi, mbwa mzee huyu achomwe tu sindano alale milele." Haraka ya nini? Mbwa wazee hupatwa na hali hii ghafla bila chanzo kuonekana. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku 3 na hutembea vizuri baada ya wiki 2 au 3, hata kichwa kikibaki kimeinama kidogo.

"Ana kichaa." Kuinamisha kichwa peke yake hakutoshi kusema hivyo. Ila mbwa asiyechanjwa, aliyebadilika tabia na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni. Sababu nyingine ya kuacha maziwa.

Kuku aliyepinda shingo hakurogwa. Mara nyingi ni kideri, na hakina tiba. Chanjeni.

Watoto wachanga wenye shingo iliyopinda si wagonjwa wangu, ila naulizwa. Kwa kawaida si mbeleko iliyompinda. Msuli wa upande mmoja wa shingo ni mfupi. Msimnyooshe kwa nguvu, mpelekeni mapema kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akiwa na homa na shingo imekakamaa, hospitali leo hii.