Meneja wa Redio Akiondoka, Ombeni Logi

Meneja wa vipindi akiondoka katika kituo kikubwa cha redio hapa Nairobi, jua halitui kabla mambo mawili hayajatokea. Uongozi hutoa taarifa fupi kwamba mwenzetu anaenda kutafuta fursa nyingine, nao wasanii huanza kunong'onezana kuhusu chai iliyokuwa ikipita ili nyimbo zipigwe. Lisemwalo lipo, watu husema. Kazi yangu ni kusoma logi, yaani kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa, saa na dakika, kwa niaba ya wasanii wanaodai mirabaha yao, yaani malipo ya nyimbo zao kupigwa, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye dawati la muziki. Kuondoka kwa meneja hakuthibitishi kwamba alikula rushwa. Na kama rushwa ilikuwepo, kuondoka kwake hakuimalizi.

Ukimya wa kituo una sababu ya kisheria ambayo mashabiki wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumpiga mtu kalamu kwa utovu wa nidhamu, amweleze kosa lake na amsikilize, akiwa na mwenzake wa kazini ikiwa atataka. Kesi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu. Akishindwa, anaweza kuamriwa alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Sasa fikiria mkurugenzi aliye na minong'ono tu mkononi, bila karatasi hata moja. Wakili wake atamshauri waagane kwa amani, kila mmoja atie sahihi na anyamaze. Ila taarifa hiyohiyo, kwa maneno yaleyale, hutolewa pia kwa meneja msafi ambaye mkataba wake umeisha, au aliyepunguzwa kwa sababu matangazo ya biashara yamehamia mitandaoni. Ukiisoma huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana inaniuma kuona jina la mtu likichafuliwa kwa siku nzima kwa ushahidi wa sentensi mbili.

Logi ndiyo inayotofautisha. Vituo vingi vya biashara hupanga muziki kwa programu ya kompyuta. Nyimbo hugawanywa makundi: zinazovuma, zinazopanda, za zamani zinazopendwa. Tuseme kundi la zinazovuma lina nyimbo sita, na kila saa ina nafasi mbili za kundi hilo. Kila wimbo utarudi baada ya saa tatu, yaani mara nane kwa siku. Kuingia kwenye hizo sita ndiko kunakomjulisha msanii kwa wenye kumbi, kwa waandalizi wa tamasha na kwa madereva wa matatu. Hapo ndipo pesa hutafuta mlango.

Ninapopewa logi huanza kwa kulinganisha orodha mbili: ile ambayo programu ilipanga na ile iliyorushwa hewani kweli. Zikipishana, mkono wa mtu umepita. Mara nyingi hakuna ubaya, maana mtangazaji ana haki ya kumpigia msikilizaji wimbo aliouomba. Kinachonishtua ni wimbo uleule kuchomekwa kwa mkono katika zamu ya mtu yuleyule, siku baada ya siku, huku ukiuondoa wimbo ambao ulikuwa unastahili zamu yake. Dalili nyingine ni wimbo wa msanii asiyejulikana kuruka moja kwa moja hadi kundi la juu bila kupitia lile la zinazopanda, ukakaa hadi mwisho wa mwezi, kisha ukatoweka kabisa. Wimbo uliopendwa hushuka polepole. Uliolipiwa hukatika kama umeme. Halafu kuna ile ya saa nane na dakika arobaini na saba usiku: wimbo unapigwa watu wakiwa wamelala, ili aliyelipa akionyeshwa hesabu ya wiki aone idadi imetimia. Msanii chipukizi wa Dandora au Kayole aliyeuza simu yake apate hiyo pesa amenunua usiku mtupu. Hilo hunikasirisha kuliko yote.

Wamarekani walipitia haya zamani, nao huyaita payola. Mwaka 1959 mtangazaji maarufu Alan Freed alipoteza kazi yake katika kituo cha redio cha WABC, New York, baada ya kukataa kutia sahihi kwamba hajawahi kupokea malipo, na mwaka 1960 Bunge lao likabana sheria. Vituo vikawanyang'anya watangazaji uamuzi wa nyimbo, vikawapa mameneja wa vipindi. Je, rushwa iliisha? Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa New York kuhusu suala hilohilo. Pesa ilikuwa imehama dawati tu.

Kwetu, sheria yenye meno ni ile ya Hongo ya 2016, nayo inagusa kampuni binafsi sawasawa na serikali. Inazitaka ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na mtu mwenye mamlaka ndani ya kampuni akishuku hongo anapaswa kuripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24. Mkurugenzi aliyeagana na meneja wake kimyakimya huku akishuku hivyo ana swali la kujibu yeye mwenyewe. Kwa hiyo wasanii na vyama vyao wasiulize tu nani ameenda. Waombe logi za miezi mitatu ya mwisho zisomwe na mtu wa nje, na waulize nani sasa ana nywila ya programu ya muziki.

Na wewe uliyekwisha kutuma "pesa ya mafuta" kwa M-Pesa, usifute ule ujumbe. Sheria hiyo humshika mtoaji pia, kwa kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili, kwa hiyo muone wakili kabla hujaandika lolote mtandaoni. Humlinda pia anayefichua: anayemtishia au kumnyanyasa mtoa habari anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi mwaka mmoja.