Websaiti ya biashara yako, hakikisha fundi mwingine anaweza kuiendeleza

Programu za kutengenezea websaiti ni bure, WordPress ni bure, Joomla ni bure, Drupal ni bure, sasa fundi anadai hela ya nini? Wenye biashara hapa Mtwara wanatuuliza sana hilo swali sisi wa TEHAMA chuoni, na ni swali la maana kabisa. Unalipia kazi. Programu yenyewe hainunuliwi, kwa mfano WordPress ilitoka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little waliianzisha kutoka kwenye programu nyingine ambayo tayari ilikuwa huria, na leseni yake inayoitwa GPL inasema yeyote aliyeipata ana ruhusa ya kuitumia kwa shughuli yoyote, kuufungua msimbo wake (maandishi yanayounda programu) akausoma, kuubadilisha, kumgawia mwingine, hata kumtoza mtu hela kwa kazi aliyoifanya juu yake. Leo hii zaidi ya websaiti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa na WordPress.

Kwa mwenye lodji Mikindani au ofisi ya ushirika Tandahimba maana yake ni kwamba fundi wako akihamia Dar, akiugua, au mkikosana tu, wapo mafundi wengine kibao wanaoujua mfumo huo huo na wanaweza kuendelea pale alipoishia. Ila hiyo faida inapotea yote kama kazi ilifanywa hovyo, na hapo ndo nataka tuelewane, nyie wateja na nyie vijana mnaotengeneza.

Wengi wakisikia WordPress wanawaza kurasa za habari tu, kichwa, picha, maelezo basi. Sasa chukulia chama cha ushirika cha korosho kinataka wakulima waone matokeo ya minada. Ukimpa karani ukurasa mtupu aandike mwenyewe, wiki hii ataandika bei ya juu, wiki ijayo ataandika bei kubwa, wiki nyingine atasahau ghala, mwisho wa msimu huwezi kulinganisha chochote. Fundi anayejua kazi yake anatengeneza aina mpya ya maudhui, anaiita Mnada, anaiwekea visanduku vyake: tarehe, ghala, daraja la korosho, kilo, bei ya juu, bei ya chini. Karani anajaza, anabonyeza chapisha, jedwali linajipanga lenyewe na mkulima aliyeko Kitangari anachagua ghala lake kwenye simu anaona. Drupal inakuja na uwezo huo tangu unapoiweka, kwenye WordPress unauongeza kwa plagini (kiprogramu cha nyongeza) au kwa mistari michache ya msimbo. Hiyo ndo kazi unayoilipia, na vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanaiweza kabisa. Tena inaanzia kwenye laptopu bila intaneti, unaweka XAMPP ambayo ina seva (inayotoa kurasa), PHP (lugha ya msimbo inayoendesha mfumo) na databesi (ghala la taarifa) ndani yake, unajenga kila kitu hapo, bando unaliweka kwa ajili ya siku ya kupandisha kazi hewani.

Tatizo linaanzia mahali msimbo unapowekwa. Kuna fundi anafungua mafaili ya mfumo wenyewe, au ya thimu (muundo wa muonekano wa websaiti) aliyoipakua, anabadilisha humo humo kwa sababu ndo njia ya haraka. Inapendeza siku hiyo, alafu apdeti (toleo jipya lenye marekebisho) ikija inaandika juu ya yale mafaili na kila alichobadilisha kinafutika. Kwahiyo anafanya nini, anazima apdeti, na mteja hajui. Yani umeachiwa mlango wazi na umelipia. Njia sahihi inajulikana na sio ngumu: mabadiliko ya muonekano unayaweka kwenye thimu mtoto, ambayo inakaa kwenye folda yake na kurithi kutoka kwa thimu mama, na ya utendaji kama ule Mnada unayaweka kwenye plagini yako mwenyewe. Hapo unaruhusu apdeti bila hofu ya kupoteza kazi yako.

Kwanini nang'ang'ania apdeti kiasi hiki? Tarehe 15 Oktoba 2014 watu wa Drupal walitangaza tundu kubwa la usalama na marekebisho yake siku hiyo hiyo, kwa saa zetu ilikuwa kama saa moja usiku. Baadae wakasema websaiti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7, yani kufikia saa nane usiku, mwenyewe aihesabu kuwa imeshaingiliwa. Saa 7 tu! Mwenye websaiti aliyelala mapema alishachelewa.

Na zile thimu na plagini za kulipia ambazo mtu anazipakua zikiwa zimekrakiwa ili zitumike bila kulipiwa, naomba sana vijana muachane nazo. Mara nyingi zinakuja na msimbo wa wizi ndani, unashangaa websaiti ya shule inatangaza kamari. Kama bajeti ya mteja ni ndogo, hazina rasmi ya WordPress ina maelfu kwa maelfu ya plagini za bure, zitafute humo.

Kingine ambacho wateja wanakipuuza ni jina la websaiti. Hilo la co.tz lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako na kwa barua pepe unayoifungua wewe, sio ya fundi, maana leseni huria haitakusaidia kitu kama jina liko kwenye akaunti ya mtu ambaye hapokei simu. Bakapu nazo ziwe za mafaili pamoja na databesi, maana maandishi yako yote yanakaa kwenye databesi na ukibeba mafaili peke yake umebeba picha, thimu na plagini tu, na nakala moja ikae nje ya seva. Picha zenyewe zipunguzwe kabla ya kupandishwa, picha ya simu yenye MB 4 inamalizia mtu bando, WordPress inapokea WebP (aina ya faili la picha lenye uzito mdogo) tangu 2021 kwahiyo hakuna sababu. Na kama fomu yako inachukua majina, simu au namba za NIDA, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, usikusanye usichokihitaji.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho kaa na fundi wako, ingia mwenyewe kwenye akaunti ya jina na ya hostingi (seva unayokodi kuweka websaiti) kwa nywila zako, mwambie abonyeze apdeti mbele yako muone kama kuna kitu kinaharibika, alafu mpe karani wako nafasi aingize mnada mmoja au chumba kimoja cha lodji bila kusaidiwa. Akikwama, fundi bado ana kazi ya kumalizia.